Kidonda kilichopoa juu juu: dereva wa Malaba, manjano na mstafeli

Mgonjwa ni dereva wa trela mwenye umri wa miaka 52, mtu wa njia ya Mombasa, Malaba (mpakani mwa Kenya na Uganda) na Kampala tangu ujana wake. Shida yake ni kidonda ndani ya shavu la kushoto, chini kabisa, kwenye kijimfereji kilichopo kati ya shavu na ufizi. Hapo ndipo alipozoea kuweka kuber. Kwa asiyeijua, kuber ni tumbaku iliyosagwa inayouzwa katika vipakiti vidogo, na kwa miaka ilivuka mipaka ikijiita chai au kiburudisho cha kinywa. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015 iliipiga marufuku nchini Uganda pamoja na shisha, lakini madereva wanajua nani wa kumuuliza. Safari za usiku aliongeza mairungi, yaani miraa, na akifika salama, waragi, pombe kali ya Uganda. Tumbaku peke yake huleta saratani ya kinywa, pombe peke yake pia, na zikikutana hatari zake huzidishana.

Mambo ya kumtambulisha nimeyachanganya na ya wagonjwa wengine. Ninachotaka tukitazame ni mwenendo wa ugonjwa, na hasa yale yaliyofanyika kati ya mara ya kwanza aliponijia na mara ya pili.

Milimita 14, milimita 36

Mara ya kwanza kidonda kilikuwa na milimita 14 kwa rula. Kingo zilikuwa zimeinuka, ngumu ukizibonyeza kwa kidole, na kando yake palikuwa na utando mweupe usiofutika. Shingoni hapakuwa na tezi. Hakikumuuma sana, na hilo ndilo lililomchelewesha. Kabla yangu alikuwa ameshapita kliniki mbili za barabarani, akapewa metronidazo, dawa ya kuua bakteria, mara mbili na dawa ya kusukutua, kisha akang'olewa gego la jirani ambalo, kwa maelezo yake mwenyewe, halikuwa na tundu wala halikumsumbua.

Nilimwambia tunachofundishwa wote chuoni: kidonda cha mdomoni kisichopona ndani ya wiki tatu hakiongezewi dawa nyingine, kinakatwa kinyama kikapimwe. Akanitazama vibaya. "Daktari, kansa ikiguswa na chuma inakimbia. Kaka yangu walimgusa, hakumaliza mwaka." Maneno haya nayasikia mno, na siwezi kuyaita ujinga. Mtu anamwona ndugu yake anafika hospitali amechelewa, anapimwa, anakufa. Lawama ya ugonjwa inakiangukia kipimo. Nilimweleza kwamba hakuna daktari atakayemfanyia upasuaji wala kumpeleka kwenye mionzi bila jibu la kinyama, na kwamba kukata kipande kidogo ukingoni mwa kidonda ndiyo njia inayotumika kila mahali. Akaomba akashauriane na watu wa nyumbani.

Alirudi baada ya miezi mitano. Rula ilisoma milimita 36. Chini ya taya kulikuwa na tezi moja ngumu, ya sentimita 2 hivi, isiyouma. Safari hii alikubali, na maabara ikathibitisha saratani ya seli bapa, aina inayochukua zaidi ya asilimia 90 ya saratani zote za kinywa. Kwa ukubwa wa mwanzo angehesabiwa hatua ya kwanza. Sasa alikuwa hatua ya tatu. Ya kwanza mara nyingi humalizwa na upasuaji peke yake. Ya tatu inataka upasuaji mpana, tezi za shingo kuondolewa, na mionzi juu yake.

Kopo la njano

Katikati ya hapo, binti yake alitumiwa ujumbe kwenye WhatsApp: majani ya mstafeli yanaua saratani mara 10,000 kuliko kemo, zile dawa kali za saratani za hospitali. Wakaenda kwa mzee mmoja wa mitishamba anayeheshimika kijijini kwao. Mzee aliwapa vitu vitatu. Cha kwanza ni majani ya mstafeli ya kuchemsha, jagi moja asubuhi na jingine jioni. Cha pili ni unga wa manjano uliochanganywa na pilipili manga na asali, wa kupaka kidondani na kumeza kinachobaki, mara tatu kwa siku. Cha tatu ni masharti: kuber marufuku, pombe marufuku, mairungi marufuku, nyama marufuku.

Niliomba waniletee hiyo dawa. Ilikuja ndani ya kopo la siagi la plastiki lililokolea rangi hata kifunikoni. Ukifungua unanusa asali kwanza, pilipili inafuata, na manjano yenyewe unayajua ulimini zaidi kuliko puani. Hapakuwa na uchafu, hapakuwa na vidonge vilivyosagwa ndani yake kama tunavyokuta wakati mwingine. Ilikuwa kazi ya mtu mwaminifu.

Na mgonjwa alipata nafuu. Hapa ndipo kisa kinapokuwa kigumu, na ndipo wenzangu wengi wanapokosea kwa kukataa kusikiliza. Mkewe alinifungulia simu. "Tazama mwenyewe, daktari. Hii kabla ya dawa. Hii wiki ya tatu. Harufu iliisha, akaanza kula chapati." Picha hazikuwa zimetengenezwa. Kwenye ya kwanza kidonda kina uchafu wa kijivu na utando mweupe mzito. Kwenye ya pili uchafu umekwisha, utando umefifia, nyama ni nyekundu na safi. Mtu yeyote asiye na mazoea ya kuvitazama vidonda hivi angesema kinapona.

Ila ule ukingo ulioinuka ulikuwepo kwenye picha zote mbili, na kwenye ya pili umesogea kuelekea kona ya mdomo. Kamera haina kidole. Ugumu wa chini, unaotangulia mbele ya kidonda kinachoonekana, hauonekani kwenye simu.

Nafuu ilitoka wapi

Kurkumini, ile rangi ya njano iliyomo ndani ya manjano, ina kazi inayojulikana. Hupunguza uvimbe na muwasho kwa kuzuia njia kadhaa zinazowasha moto wa mwili, mojawapo ikiitwa NF-kB, ambayo seli za saratani nazo huitumia kujilinda na kukua. Asali nayo hudhibiti bakteria. Kidonda cha saratani kilichoingiliwa na vijidudu kikisafishwa hivyo, harufu hupungua, maumivu hupungua, chakula kinapita.

Lipo jaribio moja ambalo kila mwenye kuuza au kununua manjano kwa ajili ya kinywa angelisoma. Lilifanyika India, likachapishwa 2016, kwa watu 223 wenye utando mweupe wa mdomoni, ule ambao kwa baadhi ya watu hugeuka saratani. Nusu walimeza gramu 3.6 za kurkumini kila siku kwa miezi sita, nusu wakameza vidonge visivyo na dawa. Kwa kutazama kwa macho, waliopata nafuu upande wa kurkumini walikuwa asilimia 67.5, upande wa vidonge vitupu, asilimia 55.3. Tofauti ipo, na takwimu zinaikubali. Lakini kinyama kilipopimwa kwa darubini, seli zenyewe hazikuonyesha tofauti ya maana kati ya pande mbili.

Tazama tena ile 55.3. Zaidi ya nusu ya watu waliomeza kitu kisicho na dawa walionekana kupata nafuu. Utando huu hupanda na kushuka wenyewe, na hushuka zaidi mtu akiacha kinachouchokoza. Dereva wetu aliacha kuber siku ileile aliyoanza manjano. Mimi nilikuwa nimemwambia aache, hakuacha. Mzee alimpa sharti, akaacha. Kama kuna tiba ya kweli iliyotoka kwenye ule uwanja wa mzee, naamini ni hiyo, na nilimwambia hivyo uso kwa uso.

Hesabu ya kijiko

Wauzaji wa mtandaoni hawapendi hesabu hii. Unga wa manjano wa sokoni una kurkumini kama asilimia 3 tu ya uzito wake. Kijiko cha chai cha gramu 3 kina miligramu 90 hivi. Vijiko vitatu kwa siku ni miligramu 270. Waliokuwa kwenye jaribio la India walimeza 3,600. Kuifikia kwa unga wa kawaida, mtu angemeza gramu 120, yaani vijiko 40, kila siku, miezi sita.

Na hata akimeza, kurkumini haifiki damuni kwa wingi. Huko Taiwan, 2001, watafiti waliwapa wagonjwa mpaka gramu 8 kwa siku. Kiwango cha juu walichokikuta kwenye damu kilikuwa chini ya maikromola 2 (kipimo cha wingi wa dawa ndani ya kimiminika), wakati seli za saratani kwenye vyombo vya maabara kwa kawaida humwagiwa kuanzia 10 kwenda juu. Utumbo na ini huigeuza kurkumini kabla haijafika popote. Kati ya watu saba wenye utando mweupe kwenye jaribio hilo, wawili walipata nafuu iliyoonekana kwenye darubini, na mmoja akapata saratani akiwa anaimeza.

Pilipili manga ya mzee haikuwa ya bure. Kiini chake, piperini, huzuia ini lisiiharibu kurkumini haraka, na kwa watu kilionekana kuipandisha mara 20. Mara 20 ya kitu kidogo sana, lakini ndiyo. Shida ni kwamba mlango uleule unaofungwa na piperini ndio unaotumiwa na dawa nyingi za hospitali kutokea mwilini, zikiwemo baadhi za kemo. Ukiufunga, dawa inajikusanya.

Kuna hoja moja ya kutetea kopo ambayo naiheshimu: mdomo si ini. Hapa huhitaji damu ikubebee dawa, unaipaka moja kwa moja. Ni kweli, na ndiyo sababu kinywa kinawavutia watafiti wa mimea. Huko Ohio, Marekani, wamejaribu jeli ya matunda ya raspberi nyeusi kwa kuipaka kwenye utando wa hatari, na matokeo yanatia moyo. Lakini walikuwa wanapaka mabadiliko yaliyo kwenye tabaka la juu la ngozi ya ndani ya mdomo, kabla saratani haijazaliwa. Kidonda cha milimita 14 chenye ukingo mgumu kimeshachimba chini, mate yanafua kila unachopaka ndani ya dakika chache, na seli iliyokwisha kuhamia tezi ya shingo haina habari na paste yako.

Zile mara 10,000

Namba ya ujumbe wa WhatsApp haikubuniwa kutoka hewani, na hilo ndilo linaloifanya iwe ya hatari. Mwaka 1996 watafiti wa kundi la Chuo Kikuu cha Purdue walitenga kiini kimoja kutoka mbegu za mstafeli, wakakijaribu kwenye seli za saratani ya utumbo mpana ndani ya chombo, na kwa seli hizo kikawa na nguvu mara 10,000 kuliko adriamaisini, dawa mojawapo ya kemo. Kiini kimoja kilichosafishwa, aina moja ya seli, ndani ya chombo. Majani yaliyochemshwa kwenye sufuria kwa ajili ya shavu la mtu ni habari nyingine kabisa.

Viini hivyo huua kwa kuzima mtambo wa nishati ndani ya seli, na mtambo huo kila seli hai inao. Seli za ubongo zinautegemea kuliko nyingi. Mwaka 1999 madaktari wa kisiwa cha Guadeloupe waliripoti wagonjwa wengi kuliko kawaida wenye ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson, lakini usioitikia vizuri dawa zake, na wakauhusisha na ulaji wa matunda na chai ya majani ya jamii ya mstafeli. Kula stafeli lako msimu ukifika, hakuna anayekukataza. Majagi mawili ya majani kila siku kwa miezi mitano ni kitu ambacho mimi nisingempa mtu. Mgonjwa wetu hakuwa na mtetemo. Nilimwachisha hata hivyo.

"Basi tuchanganye vyote viwili"

Hilo lilikuwa pendekezo la mkewe, na ni pendekezo la mtu mwenye akili: hospitali ifanye yake, mzee afanye yake. Kwanza lakini aliuliza kama mashine ya hospitali ya Mulago, Kampala, ilifufuka. Mwaka 2016 mashine ya mionzi ya kobalti, iliyokuwa pekee nchini, iliharibika kabisa, na habari za mashine hiyo kufa zilisafiri mbali kuliko habari za mpya zilizofuata. Nilimhakikishia kwamba Taasisi ya Saratani ya Uganda inatoa mionzi.

Kuhusu kuchanganya, nilimsimulia jaribio la Quebec, Kanada, lililochapishwa 2005. Wagonjwa 540 wa saratani za kichwa na shingo, wote wakipata mionzi. Baadhi waliongezewa vitamini E, na mwanzoni pia beta-karotini, ile ya karoti na papai. Nia ilikuwa njema, kuwapunguzia maumivu. Na kweli, waliopewa zote mbili walikuwa na madhara machache ya mionzi. Lakini saratani ilielekea kurudi zaidi kwenye kundi lililopewa virutubisho, na katika ufuatiliaji uliochapishwa mwaka uliofuata, waliokufa kwenye kundi hilo walikuwa wengi zaidi. Maelezo yanayotolewa ni kwamba mionzi huua seli kwa kuzalisha kemikali kali ndani yake, na viondoa sumu hivi, ambavyo kurkumini nayo ni jamii yao, vinazizima kemikali hizo kwa seli nzuri na mbaya bila kubagua. Mgonjwa anajisikia vizuri, na saratani nayo inajisikia vizuri.

Mkewe alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo mimea yote ni adui?" Swali hili ningependa liulizwe kila kliniki. Kemo ya saratani za kinywa na koo wakati mwingine huwa na dosetakseli ndani yake, na hiyo ni ya familia ya mti wa yu. Gome la yu wa Pasifiki lilichukuliwa Marekani 1962, kiini chake kikatangazwa umbo lake 1971, kikaruhusiwa kuwa dawa 1992 kwa jina la pakilitakseli. Vinkristini inatoka kwenye ua la Madagaska, lile la waridi lenye vijani vya kung'aa ambalo watu wa Kampala hulipanda mbele ya nyumba, na imetibu watoto wengi wenye uvimbe wa taya ambao daktari Denis Burkitt aliueleza akiwa Mulago mwaka 1958. Taasisi ya Saratani yenyewe ilianza 1967 kwa ajili ya uvimbe huo. Miti hiyo haikukataliwa hospitali. Iliulizwa maswali ambayo mstafeli bado haujajibu: kiasi gani, kinafika wapi, kinaua nini kingine njiani, na wagonjwa wangapi waliishi.

Tulikubaliana hivi. Mstafeli usimame. Manjano ya kwenye mchuzi yaendelee, ya kwenye kopo yasimame wiki mbili kabla ya upasuaji na muda wote wa mionzi, pamoja na pilipili ya dawa. Asali ibaki: midomo ya wanaopigwa mionzi huchubuka vibaya, na miongozo ya kimataifa ya 2020 inaitaja asali miongoni mwa vinavyoweza kusaidia kuzuia hali hiyo, kwa tahadhari ya meno kuoza. Mama alifurahi kwamba kuna kitu kimoja chake kilichobaki.

Upasuaji ulifanyika Kampala. Kingo za nyama iliyokatwa zilikuwa safi, bila saratani, na saratani haikuwa imepasua ganda la tezi, kwa hiyo hakuongezewa kemo. Alipata mionzi mara 30 kwa wiki sita. Mdomo wake sasa unafunguka vidole viwili badala ya vitatu, mate ni machache, na trela ameiacha. Ni gharama ya ile miezi mitano, na pia ya ile miezi ya metronidazo na gego, ambayo watu huisahau wakishaanza kumsema mganga.

Yule mzee alinipigia simu mwenyewe. Nilimwita "Mzee wangu" naye akaniita "mwanangu", tukazungumza bila kuwekana sawa. Uganda imekuwa na sheria inayowatambua waganga wa jadi tangu 2019, lakini sheria haikai uwanjani pake. Nilimwomba jambo moja: kidonda cha mdomo kinachozidi wiki tatu, chenye ukingo mgumu, anitumie mtu kabla ya kumpa dawa. Alikubali kwa sharti kwamba nami nikishawapima nisiwaambie wasirudi kwake.

Mtu wa kwanza aliyemtuma alikuwa utingo wa dereva yuleyule, kijana wa miaka 27. Utando mweupe wa milimita 8, mahali palepale, bila kidonda, bila ugumu. Kinyama kilionyesha mabadiliko madogo ya seli, saratani hakuna. Huyu ndiye mtu ambaye majaribio ya India na Ohio yaliwahusu watu wa aina yake. Aliniuliza kama anywe manjano. Nikamwambia anywe akipenda, kwenye maziwa, ila kuber aiache leo, na nitampima kwa rula kila baada ya miezi mitatu. Mara ya kwanza aliporudi utando ulikuwa milimita 5, na kwenye mfuko wa shati lake kulikuwa na kipakiti kimoja kilichofunguliwa. Ananiambia ni cha rafiki.